Mkono Unaopiga: Ushauri kwa Anayeanza Kujifunza Gitaa

Wengi wanaoanza kujifunza gitaa huelekeza macho na mawazo yao yote kwenye mkono unaobana nyuzi, kwa kuwa huko ndiko maumivu yaliko na ndiko yanakoundwa maumbo ya vidole yanayoonekana magumu, ilhali mkono wa pili, ambao ndio hasa unaozitoa sauti, huachwa ujifunze wenyewe. Makala haya yanashikilia kuwa utaratibu huo umepinduliwa. Mwanafunzi atakayeanza kwa kuujenga mkono unaopiga, akajua kushika mapigo na kuyatunza kwa dakika kadhaa bila kuyumba, atafika kwenye muziki wa kweli akiwa na kodi mbili tu, wakati mwenzake aliyekariri kodi kumi na mbili bado anasimama kila baada ya mstari mmoja wa wimbo ili avipange vidole upya. Kodi, katika lugha ya wanamuziki, ni sauti tatu au zaidi zinazopigwa pamoja na kusikika kama kitu kimoja. Mapigo ni vipimo vya muda vinavyorudi kwa usawa, vile ambavyo msikilizaji huvifuata kwa makofi au kwa mguu bila kuelekezwa na mtu.

Sababu ya msimamo huu imo katika muziki wenyewe wa ukanda huu. Bendi ya muziki wa dansi ya Tanzania, Kenya au Kongo kwa kawaida hugawa kazi kati ya gitaa la solo, linalotia nakshi kwa sauti za juu, gitaa la ridhimu, linalorudia kodi kwa mpangilio usiokatika, na gitaa la besi, linaloshika sauti nzito za chini, na zipo bendi zinazoongeza solo la pili kati ya hayo. Mcheza dansi hamlaumu mpiga ridhimu kwa kodi moja aliyoikosa katikati ya wimbo, na pengine hata haisikii. Lakini mpiga ridhimu akichelewa nusu ya pigo, ukumbi mzima huhisi kwamba kuna jambo limeharibika, hata wale wasioweza kulitaja. Hali ni hiyo hiyo katika benga, muziki uliokuzwa na wapigaji kama Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati nchini Tanzania aliyejijengea jina nchini Kenya, kwani mizizi ya benga iko kwenye nyatiti, chombo cha Waluo chenye nyuzi nane ambacho mpigaji wake huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu na kuigonga kwenye chombo chenyewe huku mikono ikiendelea na nyuzi, hivi kwamba muda na sauti hutoka katika mwili mmoja kwa wakati mmoja.

Kabla ya mikono, hata hivyo, kuna chombo chenyewe, na hapa makosa ya siku ya kwanza yanaweza kumkatisha mtu tamaa kwa miezi. Gitaa lisilotumia umeme, ambalo wengi huliita gitaa kavu, lipo la aina mbili ambazo kwa mbali hufanana: lile la nyuzi za nailoni, lenye shingo pana na sauti laini, na lile la nyuzi za chuma, lenye shingo nyembamba zaidi na sauti kali. Nyuzi za nailoni ni nyepesi kwa ngozi ya vidole na humfaa mtoto au mtu mzima mwenye vidole laini, wakati nyuzi za chuma huwafaa zaidi wanaotaka kuimba huku wakipiga, au kuongoza nyimbo kanisani na kwenye mikusanyiko, kwa sababu sauti yake hupenya. Gitaa la umeme ndilo jepesi kuliko yote kubana, lakini hulazimu kununua na kipaza sauti chake, na mwanafunzi asiye na uhakika wa umeme nyumbani atajikuta anafanya mazoezi kwenye chombo kisichosikika vizuri. Jambo moja lizingatiwe bila msamaha: nyuzi za chuma zisifungwe kwenye gitaa lililotengenezwa kwa nailoni, kwani nyuzi za chuma zikikazwa zote sita huvuta kwa nguvu inayoweza kupita kilo 70, karibu mara mbili ya zile za nailoni, na mvuto huo hung'oa daraja, yaani kile kipande cha mbao kilichogundishwa kwenye kifua cha gitaa ambamo nyuzi hufungiwa.

Anayekwenda kununua, liwe gitaa jipya dukani au lililotumika, alichunguze kwa macho na masikio kabla ya kuulizia bei. Shingo itazamwe kwa urefu wake, jicho likiwa upande wa kichwa cha gitaa, ili kuona kama imenyooka au imepinda. Kisha kila uzi ubanwe kwenye kila freti na kupigwa. Freti ni vile vipande vya chuma vilivyolazwa kukata shingo, na kila kimoja hupandisha sauti kwa nusu hatua, hadi cha kumi na mbili ambapo uzi umegawanywa katikati na sauti imejirudia ile ile katika ngazi ya juu. Uzi unaokwaruza kwenye freti fulani huashiria freti iliyoinuka au shingo iliyopinda. Muhimu kuliko yote ni urefu wa nyuzi kutoka kwenye shingo, ambao hupimwa kwenye freti ya kumi na mbili: milimita mbili hadi tatu kwa nyuzi za chuma, na tatu hadi nne kwa nailoni, ni kiasi kinachovumilika. Magitaa mengi ya bei nafuu huuzwa nyuzi zikiwa zimeinuka kuliko hapo, na mwanafunzi anayepambana nazo hudhani kwamba vidole vyake ni dhaifu au kwamba hana kipaji, ilhali fundi anayejua kazi anaweza kukishusha kile kipande chembamba kinachobeba nyuzi kwenye daraja kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Ni huzuni kwamba idadi isiyojulikana ya wapigaji wazuri ilipotea kwa njia hiyo, na kwa sababu hiyo ushauri wa kumtafuta fundi unapaswa kutangulia ushauri wowote juu ya bidii.

Kulinganisha nyuzi, kazi ambayo wapigaji huiita kutuni, ndilo somo la kwanza la sikio. Nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba kabisa, ambao ni wa kwanza, hadi mnene kabisa, ambao ni wa sita, na kuanzia mnene kwenda mwembamba zinaitwa E, A, D, G, B na E. Programu za simu hufanya kazi hii vizuri kwa kuonyesha kwa mshale kama uzi umelegea au umekaza kupita kiasi, na hakuna ubaya kuzitumia. Lakini mwanafunzi asiziachie kazi yote, bali kila siku alinganishe kwanza kwa sikio kisha ahakikishe kwa simu. Njia ya sikio ni ya zamani na ni rahisi: uzi wa sita ukibanwa kwenye freti ya tano hutoa sauti ya uzi wa tano ukiwa wazi, uzi wa tano kwenye freti ya tano hutoa sauti ya uzi wa nne, wa nne vivyo hivyo hutoa sauti ya wa tatu, uzi wa tatu hubanwa kwenye freti ya nne, si ya tano, ili kutoa sauti ya uzi wa pili, na uzi wa pili hurudi kwenye freti ya tano ili kutoa sauti ya uzi wa kwanza. Sauti mbili zinapokaribiana bila kulingana, husikika mawimbi yanayopanda na kushuka kati yake, na mawimbi hayo hupungua kasi kadiri zinavyosogeleana hadi yanatoweka zinapokutana. Mwanafunzi aliyelisikia wimbi hilo mara moja amepata sikio ambalo hatalipoteza tena. Uzi ulegezwe kwanza chini ya sauti inayotakiwa, kisha ukazwe kuipandia, kwa sababu uzi ulioshushwa tu huendelea kulegea polepole kwenye kigingi chake. Nyuzi mpya hulegea kwa siku chache za mwanzo, na hilo lisimtie mtu wasiwasi.

Kuhusu kukaa, yanatosha machache. Kiti kiwe kisicho na mikono, mgongo ukae wima bila kukakamaa, na gitaa liegemee kifua ili lisihitaji kushikiliwa na mkono unaobana. Kama mkono huo ukiondolewa kabisa gitaa linaanguka, mkao una kasoro. Kidole gumba kikae nyuma ya shingo na kucha za mkono unaobana ziwe fupi, kwani ncha ya kidole ndiyo inayobana, tena ikiwa karibu kabisa na freti, kwa nyuma yake, ambapo nguvu ndogo hutoa sauti safi. Maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida na hupungua baada ya wiki chache ngozi inapokomaa. Maumivu ya kifundo cha mkono au ya msuli wa kigasha si ya kawaida hata kidogo, na anayeyahisi aache kupiga siku hiyo na achunguze mkao wake badala ya kuvumilia. Mwenye kutumia mkono wa kushoto anaweza kununua gitaa lililogeuzwa au kujifunza kwa gitaa la kawaida. Wapo waliofaulu kwa njia zote mbili, ila uamuzi ufanywe mwanzoni, kwa sababu kubadili baadaye ni kuanza upya. Katika maelezo yanayofuata, mkono wa kulia ndio unaopiga.

Wiki ya kwanza basi iwe ya mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulazwe juu ya nyuzi zote bila kuzibana, ili zitoe mlio mfupi uliozimwa usio na sauti maalumu, na mkono wa kulia upige kuelekea chini kwa kila pigo huku mwanafunzi akihesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, nne, mguu ukigonga sakafu. Programu ya simu inayogonga mapigo iwekwe kwenye mapigo 60 kwa dakika, yaani pigo moja kwa sekunde, mwendo ambao wengi huuona wa polepole mno hadi wanapojaribu kuufuata kwa dakika tatu mfululizo. Baada ya hapo huongezwa pigo la kwenda juu kati ya kila mapigo mawili, na hesabu huwa moja na, mbili na, tatu na, nne na, ambapo tarakimu ni za chini na kila “na” ni ya juu. Hapa ndipo siri kubwa ya mkono huu inapofichika: mkono hausimami kamwe. Mpangilio wowote wa ridhimu, hata ule unaosikika kuwa na mapengo mengi, hutokana na mkono uleule unaopanda na kushuka bila kukoma, ukizigusa nyuzi mahali fulani na kuzikwepa mahali pengine, na anayesimamisha mkono kila penye pengo hupotea kwa sababu lazima akisie lini ataanza tena. Mwanafunzi aanze kwa kuliacha pigo la tatu lipite hewani, kisha aache la pili na la nne, kisha apige “na” pekee huku tarakimu zote zikipita hewani. Zoezi hili la mwisho ni gumu kwa wengi, na aliyeliweza amelishika jambo ambalo muziki wa dansi umejengwa juu yake. Nyimbo zenye asili ya ngoma za pwani, chakacha ikiwemo, huhesabiwa kwa sita, yaani mapigo makubwa mawili, kila moja likiwa na vipande vitatu, na mtu aliyekulia katika ngoma hizo atagundua kwamba mwili wake tayari unaijua hesabu hiyo na kwamba mkono ndio unaohitaji kuufuata.

Baada ya kupiga nyuzi zote kwa pamoja, ifuate njia ya vidole, na kwa msomaji wa Kiswahili hakuna shule bora kuliko ile ya Katanga, kusini mwa Kongo. Mwaka 1952 mtafiti na mrekodi wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, na kipande kiitwacho Masanga kilimfanya kijana huyo, aliyezaliwa 1930, ajulikane mbali sana na migodi ya shaba, hata akaalikwa kupiga katika tamasha la Newport nchini Marekani mwaka 1969. Anayemsikia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kuna magitaa mawili, kumbe ni mtu mmoja anayetumia vidole viwili vya mkono wa kulia: gumba linalotembea kwenye nyuzi nene kwa mwendo usiobadilika, na kidole cha shahada kinachochomoa wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Mtindo wa omutibo wa magharibi mwa Kenya, ambao George Mukabi aliung'arisha kabla ya kifo chake mwaka 1963, nao hutegemea gumba na shahada, na katika rekodi za zama hizo husikika mtu wa pili akigonga au kukwaruza chupa ya soda ili kushika mapigo. Vidole hivyo viwili vinahusiana kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja, ambapo mmoja hushusha mchi mwenzake anapoupandisha, na kazi yote hutegemea kwamba hakuna anayeharakisha.

Zoezi la kuanzia katika mtindo huu ni hili. Kidole cha pete kinabana uzi wa tano kwenye freti ya tatu, cha kati kinabana uzi wa nne kwenye freti ya pili, na cha shahada kinabana uzi wa pili kwenye freti ya kwanza, uzi wa tatu na wa kwanza zikiachwa wazi. Hiyo ni kodi ya C. Gumba la mkono wa kulia lipige uzi wa tano kwenye moja, wa nne kwenye mbili, wa tano kwenye tatu na wa nne kwenye nne, bila kitu kingine chochote, hadi liweze kuendelea wakati mwanafunzi anajibu swali aliloulizwa na mtu aliye chumbani. Kipimo hicho cha kuzungumza si mzaha, kwani gumba ambalo bado linahitaji kufikiriwa haliwezi kuachiwa kazi yake wakati akili inashughulika na wimbo. Likishatembea lenyewe, kidole cha shahada kiongeze uzi wa pili kwenye “na” ya kila pigo, kisha uzi wa kwanza, kisha nyuzi hizo mbili kwa kubadilishana. Katika hatua hii, mara nyingi ndani ya mwezi wa kwanza, gitaa huanza kusikika kama muziki, na furaha inayopatikana humbeba mwanafunzi katika sehemu ngumu inayofuata.

Sehemu hiyo ngumu ni kubadili kodi. Ushauri unaotolewa mara nyingi wa kukariri kodi nyingi mapema unapaswa kukataliwa, kwa sababu ugumu hauko kwenye umbo bali kwenye safari kutoka umbo moja hadi lingine, na kila kodi inayoongezwa huzidisha idadi ya safari. Ni vyema kuchagua jozi ambazo vidole vyake havisafiri mbali. Kutoka C kwenda A ndogo, kodi yenye hali ya huzuni kidogo, kidole cha shahada na cha kati hubaki pale pale vilipo, na ni kidole cha pete pekee kinachohama kutoka uzi wa tano kwenda uzi wa tatu kwenye freti ya pili. Mwanafunzi asiyejua hilo huinua vidole vyote na kuvirudisha, akapoteza muda bure. Kutoka A ndogo kwenda E, umbo lote huhamia uzi mmoja upande wa nyuzi nene bila kubadilika sura. Kutoka C kwenda G yenye sauti ya saba, kidole cha pete na cha kati vinasogea uzi mmoja mmoja kwenda juu, upande wa nyuzi nene, na cha shahada kinasogea uzi mmoja kwenda upande wa pili, hivi kwamba mkono unafunguka kwa wakati mmoja. Kila safari ifanyiwe mazoezi kwa mapigo ya polepole sana, kodi moja kwa mapigo manne, na vidole vianze kuondoka kwenye pigo la nne ili viwe vimefika kwenye moja. Vikichelewa, mkono wa kulia usivisubiri. Upige moja hata kama kodi haijakamilika na sauti iliyotoka ni mbaya, kwani mkono wa kushoto utajifunza kuuwahi mkono wa kulia, lakini mkono wa kulia uliozoea kusubiri hauachi tabia hiyo kwa urahisi.

Kodi ya F huogopwa na wote, kwa sababu umbo lake kamili hudai kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita kwenye freti ya kwanza. Hakuna haja ya kuanza na umbo hilo. Kidole cha shahada kinaweza kubana nyuzi mbili nyembamba tu kwenye freti ya kwanza, cha kati uzi wa tatu kwenye freti ya pili, na cha pete uzi wa nne kwenye freti ya tatu, na nyuzi mbili nene ziachwe bila kupigwa. Kodi hiyo ni F halali, na inatosha kwa mwaka mzima wa mwanzo.

Wanakwaya wana mtaji ambao wengi wao hawajui kuwa wanao. Aliyefundishwa kuimba kwa do, re, mi tayari anazijua kodi kwa sauti, kwa kuwa katika ufunguo wa C, ambapo do ni C, kodi ya C ni do, mi na so zikiimbwa pamoja. Kodi ya F ni fa, la na do ya juu. Na kodi ya G ni so, ti na re. Kodi hizo tatu, ile ya do, ile ya fa na ile ya so, ndizo zinazobeba nyimbo nyingi za kanisani, nyimbo nyingi za dansi na sehemu kubwa ya benga, na mwanakwaya anayejiuliza ni kodi gani inayofuata anaweza kuimba sauti ya besi ya wimbo akilini, kwani mahali besi inapotua juu ya do, fa au so ndipo mara nyingi kodi inapobadilika. Ikiwa ufunguo wa C ni wa chini au wa juu mno kwa mwimbaji, kuna kapo, kibano kinachofungwa kukata shingo na kuzipandisha nyuzi zote kwa usawa, ambacho kikiwekwa kwenye freti ya pili huzifanya kodi za C, F na G zitoe sauti za D, G na A bila vidole kujifunza umbo jipya.

Dakika 20 kila siku zina faida zaidi kuliko saa mbili za Jumamosi pekee, kwa ngozi ya vidole na pia kwa kumbukumbu ya mwili, na mgawanyo mzuri wa dakika hizo ni kutuni kwa sikio, kisha mkono wa kulia peke yake na mapigo ya simu, kisha safari moja ya kodi, na kumalizia kwa wimbo mzima uliopigwa bila kusimama, hata ukipigwa vibaya. Masomo ya video ni msaada mkubwa kwa asiye na mwalimu karibu, ila yana hatari yake, kwa kuwa mtu anaweza kutazama kwa saa nzima na kupiga kwa dakika tano; muda wa kutazama usizidi muda wa kupiga. Anayeweza kupata mwalimu amtafute, awe wa taasisi ya sanaa kama TaSUBa ya Bagamoyo au mpigaji wa bendi ya mtaani, kwani mwalimu huyaona kwa dakika moja makosa ya mkono ambayo video haiwezi kuyaona.

Nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, hasa kwa wakazi wa mwambao, ambako hewa ya chumvi na jasho hutia kutu nyuzi za chuma kwa haraka, na gitaa lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani wala kuegemezwa ukuta wenye unyevu, kwa sababu joto hulainisha gundi na unyevu huvimbisha mbao.

Kusikiliza nako ni zoezi. Wapigaji wa vizazi vilivyopita walijifunza kwa kurudia santuri na kwa kuwatazama waliowatangulia, na simu ya leo inatoa nafasi waliyoikosa, kwani inaweza kupunguza mwendo wa wimbo bila kushusha sauti yake. Mwanafunzi achague wimbo mmoja wa dansi anaoupenda, kwa mfano mmojawapo wa nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, na ausikilize mara kadhaa akilifuata gitaa moja tu kila mara: kwanza besi, kisha ridhimu, kisha solo. Wengi hugundua kwa mshangao kwamba gitaa la ridhimu, ambalo hawakuwahi kulisikia kwa miaka yote waliyoupenda wimbo huo, linarudia umbo fupi ambalo wao wenyewe wanaweza kulipiga. Walipige basi pamoja na rekodi, hata kama ni kodi moja tu kati ya zote, wakizizima nyuzi kwenye kodi wasizozijua huku mkono wa kulia ukiendelea.

Mara kodi tatu zinapobadilika bila mapigo kukatika, mwanafunzi atafute mtu wa kupiga naye, asisubiri kuwa hodari. Mwenzake anaweza kuwa na gitaa, ngoma ndogo, kayamba au sauti tu ya kuimba. Wakubaliane ufunguo, mmoja ahesabu hadi nne kwa sauti kabla ya kuanza ili wote waingie kwa mwendo mmoja, na kama kuna magitaa mawili, moja lipige kodi karibu na kichwa cha gitaa na lingine liweke kapo kwenye freti ya tano na kupiga maumbo ya G, C na D, ambayo hapo hutoa sauti za C, F na G katika eneo la juu, ili yasikanyagane. Anayepotea katikati ya wimbo asiseme kitu wala asirudi nyuma kurekebisha. Alaze mkono wa kushoto juu ya nyuzi, aendelee kupiga mapigo yaliyozimwa, asikilize mwenzake amefika wapi, na aingie tena kwenye moja inayofuata.